Gari Juu, Fundi Wima: Historia ya Zana Zinazomtunza Fundi wa Magari

Sehemu nzito za gari zimewekwa karibu na ardhi, kwa kuwa gari lenye uzito wake chini ndilo linalotulia barabarani. Mpangilio huo humfaa dereva lakini humgharimu fundi. Giaboksi, difu, klachi, breki na ekseli zote humtaka ainame, apige magoti au alale chali, siku baada ya siku, kwa miaka 30 au 40. Kijana wa miaka 20 haoni tabu. Fundi wa miaka 55 huijua tabu hiyo kwenye kiuno, magotini, viganjani na machoni. Zana nyingi kubwa za gereji zilizobuniwa katika karne mbili zilizopita zimefanya jambo moja: zimeuleta mzigo mbele ya mtu, ili mtu asilazimike kuufuata mzigo ulipo. Ndiyo maana zana hizo zina sehemu kubwa katika kuamua fundi atadumu kazini hadi umri gani.

Kwamba kazi za mikono huumiza mwili kwa namna maalumu si ugunduzi wa juzi. Mwaka 1700 mganga wa Kiitalia, Bernardino Ramazzini, alichapisha kitabu kizima juu ya maradhi ya wafanyakazi, na humo alitaja mikao mibaya na mwendo wa nguvu kupita kiasi kuwa vyanzo vya maradhi hayo. Katika miaka ya 1960 daktari wa mifupa kutoka Sweden, Alf Nachemson, alipima shinikizo ndani ya diski za uti wa mgongo wa watu walio hai. Alionyesha kuwa kuinama mbele huzidisha shinikizo hilo kuliko kusimama wima, na zaidi mtu anapokuwa ameshika mzigo. Mwaka 1991 taasisi ya Marekani ya usalama wa kazini, NIOSH, ilichapisha hesabu iliyorekebishwa ya unyanyuaji inayoweka kilo 23 kuwa ukomo hata pale mzigo unapokuwa karibu na mwili na kwenye kimo kizuri. Giaboksi nyingi za magari madogo huzidi uzito huo, na hazipo karibu na mwili wala kwenye kimo kizuri.

Umri huongeza mzigo juu ya mzigo. Nguvu za kushika hupungua, hasa baada ya miaka 50. Lenzi ya jicho hukakamaa kadiri umri unavyosonga, na mtu anapokaribia miaka 45 maandishi madogo kwenye kichwa cha bolti hayasomeki tena kwa karibu. Mwanga unaofika nyuma ya jicho la mtu wa miaka 60 ni kama theluthi moja ya ule unaofika kwenye jicho la mtu wa miaka 20. Kwa hiyo mzee anayelalamika kwamba gereji ina giza anasema kweli, hata kama kijana aliye pembeni yake anaona kila kitu.

Magari ya mwanzo yalitengenezwa na yeyote aliyekuwa karibu, kwa alichokuwa nacho. Carl Benz alipata hataza ya gari lake mwaka 1886, na mnamo Agosti 1888 mkewe Bertha alisafiri kwa gari la mumewe kutoka Mannheim hadi Pforzheim pamoja na wanawe wawili. Njiani alizibua bomba la mafuta kwa pini ya kofia, na fundi viatu akampigilia ngozi kwenye vibao vya breki vilivyokuwa vimelika. Gereji hazikuwapo. Wahunzi, mafundi wa baiskeli na mafundi viatu ndio waliokuwa mafundi wa magari, na zana zao zilikuwa nyundo, koleo na patasi.

Kilichowaumiza watu kwanza kilikuwa hendeli. Injini iliwashwa kwa kuzungushwa kwa mkono, na ilipopiga kinyume hendeli ilirudi kwa kishindo na kuvunja kifundo au mkono. Kutokana na hatari hiyo ndipo hila ya kwanza ya ufundi wa magari ilipozaliwa: kidole gumba kiwekwe upande mmoja na vidole vingine, kisiizunguke hendeli, na mkono uvute kuelekea juu badala ya kusukuma kuelekea chini. Hendeli ikirudi ghafla, huuponyoka mkono bila kuuvunja. Mwaka 1912 Cadillac ilitoa magari yenye stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering, na watu wengi ambao umri au udhaifu ulikuwa umewazuia kuendesha waliweza kuwasha gari peke yao. Hata hivyo Land Rover na malori yaliyotumika Afrika Mashariki yaliendelea kuja na hendeli kwa miongo mingi baadaye, kwa hiyo hila ya kidole gumba ilibaki kuwa somo la kwanza la utingo.

Kunyanyua gari ndiyo habari kubwa zaidi. Msingi wake uliwekwa kabla magari hayajawapo. Blaise Pascal alieleza katika karne ya 17 kwamba shinikizo linalotiwa kwenye maji yaliyofungiwa huenea sawasawa kila upande. Mwingereza Joseph Bramah akaigeuza kanuni hiyo kuwa mashine ya kukandamiza aliyoipatia hataza mwaka 1795, na mwaka 1851 Richard Dudgeon, Mskoti aliyehamia New York, akapata hataza ya jeki ya maji inayobebeka. Hesabu yake ni nyepesi. Pistoni ndogo ya sentimita moja ya mraba ikisukumwa kwa nguvu ya kilo 50, pistoni ya sentimita 20 za mraba iliyo upande wa pili hunyanyua kilo 1,000. Bei ya msaada huo ni subira, kwa kuwa kila sentimita 20 za pistoni ndogo hupandisha ile kubwa kwa sentimita moja tu. Mtu mzima anayepungukiwa nguvu lakini ana muda hufaidi sana mpango wa namna hiyo, na jeki ya chupa iliyoko nyuma ya kila daladala na matatu ni mjukuu wa kazi ya Dudgeon.

Jeki ilileta pia ajali ambayo haijaisha. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kuegemezea gari. Sili yake ikichoka mafuta huvuja na gari hushuka. Ardhi ikiwa laini kitako huzama. Mtu akifungua nati iliyokaza kwa kuvuta pembeni, gari huteleza. Aliye chini ya gari hana nafasi ya kukimbia, na mwenye umri mkubwa hana hata ile kasi ndogo ya kujiviringisha. Dawa yake ni stendi za chuma zenye miguu mitatu au minne, na tairi la akiba lililolazwa chini ya chasisi ikiwa stendi haipo. Mawe na matofali si dawa. Tofali hupasuka bila kutoa ishara, na inasikitisha kwamba bado linaonekana chini ya magari katika gereji nyingi.

Badala ya kupandisha gari, wengine waliamua kumshusha fundi. Shimo la gereji lilienea mapema katika karne ya 20 kwenye karakana za mabasi na malori. Humpa fundi nafasi ya kusimama wima, na kwa gari zito lisilonyanyulika kirahisi bado lina faida. Lakini mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutuama shimoni ukisubiri cheche, mafuta yaliyomwagika huifanya ngazi iteleze, na mwenye magoti mabovu huteseka kila anaposhuka na kupanda.

Mageuzi yalikuja mwaka 1925 katika mji wa Memphis, Marekani. Peter Lunati, aliyekuwa na shughuli ya magari, alibuni lifti ya gari inayoendeshwa kwa hewa iliyoshinikizwa juu ya mafuta. Inasimuliwa kwamba wazo alilipata kwenye kiti cha kinyozi kinachopandishwa kwa kukanyaga pedali. Lifti yake ilikuwa nguzo moja nene iliyochimbiwa ardhini katikati, na gari likiwa juu liliweza kuzungushwa pande zote. Baadaye zikaja lifti za nguzo mbili zinazofungwa juu ya sakafu na kuliacha tumbo la gari wazi kabisa. Sasa kubadili oili, kukagua mabushi au kushusha ekzosi kulifanyika mtu akiwa amesimama bila kushuka shimoni.

Lifti yenyewe haikumaliza kila tatizo. Fundi anayefanya kazi mikono ikiwa juu ya kichwa huhamisha maumivu kutoka kiunoni hadi mabegani, na bega la mtu wa miaka 60 hupona polepole mno. Mafundi waliokaa na lifti kwa muda mrefu hawapandishi gari hadi mwisho. Hulipandisha hadi sehemu inayotengenezwa ilingane na kifua, kisha hulishusha na kulipandisha tena kazi inapohama. Breki hufanywa gari likiwa kimo cha kiuno, fundi akiwa amekaa kwenye kigoda chenye magurudumu.

Afrika Mashariki ufundi wa magari ulijengwa juu ya ufundi wa reli. Reli ya Uganda iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Victoria mwaka 1901 ilileta wahunzi, maseremala na mafundi wa mitambo kutoka Punjab, wengi wao Makalasinga. Baadhi yao na watoto wao walifungua karakana mijini, na magari yalipoongezeka karakana hizo zikawa gereji. Miongoni mwa jamii hiyo alitoka Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyekuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Alishinda mashindano ya magari ya Safari mwaka 1965, 1974 na 1976, ushindi wa mwisho akiwa amevuka miaka 40, na elimu yake ya kujua gari linavunjika wapi ilikuwa sehemu ya ushindi wake. Waafrika waliingia gereji hizo kama wasaidizi, wakishika spana na taa, na kwa muda mrefu ndio waliolala chini ya magari. Vita Kuu ya Pili ilipanua mlango, kwa kuwa jeshi lilifunza maelfu ya madereva na mafundi wa Kiafrika, na waliorudi walikuwa na mikono iliyokwisha kuzoea lori.

Baada ya uhuru gereji nyingi zilihamia chini ya jua kali. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 kuhusu Kenya ilikuwa miongoni mwa maandishi ya kwanza rasmi kukiri kwamba mafundi wasiosajiliwa walikuwa wanazalisha, hawakuwa wazururaji. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, na ujenzi wa mabanda ya kuwakinga jua ukafuata. Barabara ya Kirinyaga jijini humo, Gerezani jijini Dar es Salaam na Katwe jijini Kampala zikawa mahali ambapo gari lolote lingeweza kufufuliwa. Lifti ya Lunati hazikuwa nayo, isipokuwa kwa mafundi wachache. Zilikuwa na akili ya watu wake.

Akili hiyo inastahili kuandikwa kwa heshima ile ile wanayopewa wenye hataza. Cheni bloku huning'inizwa kwenye tawi la mwembe au kwenye mabomba matatu yaliyofungwa pamoja juu, na injini hutoka bila mtu kuibeba. Tuta la udongo lililoshindiliwa, au miinuko miwili ya saruji yenye nafasi katikati, hufanya kazi ya shimo bila hatari ya mvuke kutuama. Ubao uliofungwa beringi kuukuu humwezesha fundi kuteleza chini ya gari bila kujiburuza juu ya changarawe. Bledi ya springi iliyovunjika hufuliwa kuwa mtaimbo wa tairi. Soketi huchomelewa kwenye bomba refu ili ifikie nati iliyojificha nyuma ya injini, na fundi asipinde kiuno kuifuata. Volkswagen ya kobe ilipendwa na mafundi kwa sababu ya aina hii pia: injini yake ya nyuma, inayopozwa kwa hewa, imeshikwa na bolti nne, na ilishushwa kwa jeki na kuvutwa nje.

Nchini Tanzania uhaba wa fedha za kigeni uliofuata miaka ya mwisho ya 1970 na Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 ulikata vipuri. Gari halikuweza kubadilishwa kifaa, kwa hiyo kifaa kilipaswa kufufuliwa: bushi kuchongwa kwenye mashine ya kerezo, gasketi kukatwa kwa mkono, pampu kufumuliwa na kushonwa upya. Kipindi hicho kiliwainua wazee, kwa kuwa kazi ya kufufua hutaka kumbukumbu na jicho kuliko misuli. Magari yaliyotumika kutoka Japan yalipoanza kuingia kwa wingi baadaye, pamoja na vipuri vyake vya mtumba, thamani hiyo ilishuka kidogo, kwa sababu kubadilisha kipuri kizima kulikuwa rahisi kuliko kukitengeneza.

Zana kubwa kuliko zote katika gereji za jua kali, hata hivyo, haishikiki. Ni mgawanyo wa kazi baina ya umri na umri. Kijana anayejifunza hulala chini, hubeba, huosha vifaa na kufungua nati. Mzee hukaa juu ya tairi au kigoda, husikiliza na kuamua. Mzee huweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini wake sikioni, akatambua beringi ipi inalia. Hutoa plagi na kusoma rangi yake: masizi meusi makavu yanasema petroli imezidi, weupe uliopauka unasema injini inaungua kwa joto, unyevu wa oili unasema ringi au vali zimechoka. Hugusa hosi ya radieta na kujua kama maji yanazunguka. Kijana hulipa ada yake kwa mgongo, na mzee humlipa kwa elimu. Mpango huu una kasoro yake, kwa maana mgongo wa kijana nao unaliwa, na gereji isiyo na zana hupitisha maumivu kutoka kizazi hadi kizazi. Lakini ndio uliowaweka kazini watu waliopita miaka 60 katika nchi ambazo fundi wa mtaani hana pensheni.

Kwa upande wa mikono, hadithi ni ya nyenzo. J. J. Richardson wa Vermont alipata hataza ya spana ya racheti mwaka 1863, iliyomwondolea fundi kazi ya kuitoa na kuirudisha spana kwenye nati kila mara. Msweden Johan Petter Johansson alipata hataza ya spana malaya aliyoiboresha mwaka 1892. Mwaka 1920 Joseph Johnson wa Milwaukee, mwanzilishi wa Snap-on, alianza kuuza seti ya mipini mitano inayobadilishana soketi kumi, na sanduku la zana likapungua uzito kwa kiasi kikubwa.

Nati ya gurudumu ya gari dogo hukazwa kwa takriban nyutonimeta 100. Kwa mpini wa sentimita 25 fundi atahitaji msukumo wa karibu kilo 40. Kwa mpini wa sentimita 50 kilo 20 zinatosha. Hivyo bomba linalochomekwa kwenye mpini si uvivu, ni hesabu, mradi litumike kufungulia tu. Wakati wa kukaza bomba hilo hunyoosha bolti na kuharibu uzi wake, na hapo ndipo inapohitajika spana ya kupimia, iliyobuniwa na Conrad Bahr kwa ajili ya bolti za mabomba ya maji ya jiji la New York. Nati iliyoshikwa na kutu haitaki nguvu kwanza. Inataka dizeli au mafuta mepesi yaliyoachwa usiku kucha, pigo fupi la nyundo juu ya kichwa chake, moto unaoipanua kuliko bolti iliyo ndani pale ambapo hakuna petroli karibu, na kukazwa kidogo kabla ya kufunguliwa ili kutu ivunjike. Tairi halinyanyuliwi kwa mikono pia: fundi hukaa chini, huingiza mtaimbo chini ya tairi na kuliinua kwa mguu hadi matundu yalingane na bolti.

Mashine za hewa za kufungulia nati, zilizoenea gereji katika karne ya 20, ziliokoa mabega na kuleta madhara mapya. Mwaka 1918 Alice Hamilton, daktari wa Marekani, aliwachunguza wachonga mawe wa Bedford, Indiana, waliotumia nyundo za hewa, akaeleza jinsi vidole vyao vilivyogeuka vyeupe na kufa ganzi kwa sababu ya mtetemo. Fundi anayeshika mashine inayotetema mchana kutwa yumo hatarini vilevile. Mashine za betri zilizojaa sasa Kariakoo jijini Dar es Salaam na mitaa ya vipuri ya Nairobi hazihitaji kompresa wala hosi, lakini nazo zinatetema, na zinafaa kwa nati chache ngumu badala ya kila nati.

Macho yamesaidiwa na taa ya LED. Baada ya LED ya bluu ya miaka ya 1990 kuwezesha mwanga mweupe, kazi iliyowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014, taa ndogo ya kichwani iliweza kumwangazia fundi popote anapotazama na kumwachia mikono yote miwili. Kioo kidogo chenye mpini na sumaku ya kuokotea bolti humwondolea haja ya kuingiza kichwa na kifua ndani ya boneti. Na tangu magari mapya ya Marekani yalipolazimika kuwa na soketi moja ya kusomea hitilafu, OBD-II, kufikia mwaka 1996, na nchi nyingine kufuata, sehemu ya uchunguzi hufanywa fundi akiwa ameketi na kifaa mkononi. Kifaa hicho hutaja mfumo ulioleta hitilafu. Hakisemi kila mara ni waya, kihisi au kipuri chenyewe, na uamuzi huo bado hutegemea aliyeziona injini nyingi.

Kwa gereji ndogo yenye fedha ya kununua kifaa kimoja tu, stendi nne za chuma ndizo zitangulie, kabla ya mashine ya betri na kabla ya kompyuta. Taa ya kichwani ifuate, kisha ubao wa magurudumu na mpini mrefu. Vyote hivyo kwa pamoja vina gharama ndogo kuliko lifti, na mwenye gereji asivitafute akiwa amekwisha kuumia; avinunue akiwa bado na miaka 30.